Mayai ya Mwisho ya Mzee Chengula

Siku ya kuniaga, mliponikabidhi kitenge na saa ya ukutani, nilisimama mbele yenu nikasema asanteni, nikakaa. Mlicheka, mkadhani naona aibu. Haikuwa aibu. Nilikuwa nimeandaa maneno, na ndani yake kulikuwa na jambo moja ambalo nikianza kulisema mbele za watu sauti hukatika. Kwa hiyo naliandika. Mkono wangu una nguvu kuliko koo.

Mnanijua kama Mama Skola wa chumba cha mashine. Jina la ubatizo ni Skolastika. Nilimaliza darasa la saba kule Kilolo, nikakaa nyumbani nikilima viazi na njegere, mpaka shangazi aliposikia kwamba kituo cha kutotolesha vifaranga hapa Iringa kinatafuta wanawake wa kuosha trei. Sitaeleza nilivyotoka kwenye beseni la trei mpaka nikakabidhiwa funguo. Hakuna funzo hapo. Mtu akikaa mahali pamoja muda mrefu na wenzake wakaondoka, funguo zitamfikia tu.

Siku ya kwanza nilipigwa na butwaa mara mbili kabla ya chai ya saa nne. Mara ya kwanza ni pale nilipokuwa nimeegemea kabati kubwa la bati nikisubiri kuelekezwa kazi, nikasikia kabati linalia. Niliruka. Nilikuwa sijawahi kuona mashine ya kutotolea, na hakuna aliyenionya kwamba mle ndani kuna vifaranga maelfu wanaotoka kwenye maganda kwa wakati mmoja. Mara ya pili niliona mzee mfupi mwenye koti la kijivu amesimama katikati ya chumba, amefumba macho, ameweka yai juu ya kope. Nikajua nimeletwa mahali pa waganga.

"Baba, unafanya nini?" nilimuuliza.

"Nasikiliza homa."

Akachukua yai lingine akaniwekea kwenye kope langu. "Lina joto?"

"Lina joto."

"Joto la mtu mzima, au la mtoto mwenye malaria?"

Nilifikiri. "La mtoto. Kidogo tu."

Akanitazama, akaenda kwenye mashine, akapunguza moto. Kipimajoto cha mlangoni kilikuwa kinasema kila kitu ni sawa. Kesho yake fundi alikipima akakuta kimeharibika. "Kioo hudanganya," mzee aliniambia. "Ngozi ya jicho haina sababu ya kudanganya. Unaitwa Skola, jina la shule, na shule uliishia la saba. Basi utaisomea hapa."

Huyo alikuwa Mzee Chengula, Mbena aliyeoa Mnyakyusa na kujenga Igawa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Hapa Iringa alipanga chumba kimoja, na kila mwisho wa mwezi alipanda basi kwenda kwa mkewe, Mama Sekela. Kwa kuwa aliniita dada, mkewe naye aliniita wifi, na tulitaniana kama mawifi wa kweli tangu siku tuliyoonana. Nilifanya kazi chini ya mzee huyo zaidi ya nusu ya umri wangu. Karibu kila ninachokijua kuhusu yai alinipa yeye.

Alinifundisha kupima mayai kwa tochi iliyovishwa kopo la maziwa, ili mwanga utokee kwenye tundu dogo. Alinifundisha kwamba hewa yetu ya huku juu ni kavu, inafyonza maji ya yai kuliko hewa ya bondeni, hivyo sufuria za maji ndani ya mashine zisikauke hata saa moja. Yai lililotoka Rujewa kwenye joto la Usangu usiliweke kwenye mashine siku hiyohiyo. Liache lipumzike mpaka kesho, ncha nyembamba ikiwa chini, maana limechoshwa na barabara kama abiria mwingine yeyote. Mengine mmeyaona kwenye vitabu vya wataalamu. Hilo la abiria sijalikuta kwenye kitabu.

Sasa nije kwenye kunywesha, maana ndiko ninakoelekea.

Shida yetu ilikuwa safari. Kifaranga anatoka kwenye yai Jumatatu alfajiri, anasubiri wenzake waliochelewa, anachanjwa, anapangwa kwenye boksi, anapandishwa basi, na mteja wa Madibira anampokea Jumanne jioni. Muda wote huo hajaonja kitu. Anaishi kwa kile kiini alichobaki nacho tumboni. Wateja walikuwa wakipiga simu: "Mama, vifaranga vyenu vimefika vimelala." Wengine hawakuamka.

Ndipo akaja mtaalamu mmoja wa mifugo, mama mpole mwenye miwani, akatukusanya kwenye chumba cha chai. Akasema kifaranga anaweza kulishwa kabla hajatotolewa.

Mzee Chengula ndiye aliyeuliza kwanza. "Kwa kijiko au kwa sahani, mama?"

"Kwa sindano, mzee. Na kijiko ni mdomo wake mwenyewe."

Akaeleza kwamba ikifika siku ya kumi na nane kifaranga ameshakamilika, anaelea kwenye maji ndani ya mfuko wake, na kabla ya kudonoa ganda huyameza maji hayo yote. Ukiyatia chakula, atakimeza pamoja nayo, na utumbo wake utaanza kazi kabla hajatoka. Kisha akavunja yai moja la siku hiyo kwenye bakuli ili tuone. Mdomo ulikuwa unafunguka na kufungika, pole pole, kama wa mtoto anayeota ananyonya.

Nilijiziba mdomo kwa kiganja. Nilikuwa nimepitisha mayai mikononi mwangu miaka yote hiyo, na sikuwahi kujua kwamba mle ndani kuna mtu anakunywa. Siku ile sikula chakula cha mchana. Mzee Chengula, aliyeanza kwa kejeli, alibaki ameinamia bakuli mpaka yule kifaranga alipotulia.

Tukaipa kazi hiyo jina la kunywesha. Kinywaji kilikuwa sukari, chumvi kidogo sana na unga wa protini ulioletwa na mtaalamu, katika maji yaliyochemshwa. Tuliongeza chumvi mara moja tu kwa kudhani tunawasaidia. Hatukurudia. Kinywaji kiwe na joto lilelile la yai, unakijaribu kwa tone kwenye kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto. Unapangusa upande butu wa yai kwa spiriti, unatoboa, unapitisha sindano kwenye mfuko wa hewa mpaka kwenye maji, unasukuma taratibu, unachomoa, unaziba kwa tone la nta ya nyuki. Kila yai, sindano inapanguswa. Ili sindano isizame kupita kiasi, Mzee Chengula alikata kipande cha mpira wa dripu akakivisha kwenye sindano kuwa kizuizi. Kipande kile kilipimwa kwa kifaranga wa siku ya kumi na nane. Naomba mkumbuke hapo.

Mtaalamu alituachia sharti moja. Katika kila trei, safu ya mwisho isinyweshwe. "Hiyo ni safu ya shahidi," alisema. "Bila shahidi, mtajuaje kama kinywaji ndicho kilichosaidia, au kama kimeua?"

Alipoondoka, Mzee Chengula aliifuata kanuni hiyo wiki chache, kisha akaacha. Ilimkera. "Utawapikia watoto ishirini na nne, sita uwaambie wao ni mashahidi, wakae na njaa?" Mimi nilikubaliana naye. Tukawa tunanywesha trei nzima. Sitadai kwamba ilikuwa miujiza. Kuna mara hatukuona tofauti. Lakini simu za Madibira zilipungua, na mteja mmoja alisema vifaranga vilishuka kwenye boksi vikiuliza chakula kiko wapi.

Miaka miwili kabla sijastaafu, kideri kiliingia Igawa. Mnakijua: asubuhi kuku mmoja amezubaa, jioni wawili, kesho kutwa uko kimya uwanja mzima. Mama Sekela alibakiwa na mitetea mitano na jogoo mmoja, wote wa aina ya kishingo, wale wenye shingo tupu isiyo na manyoya. Walikuwa wamekaa katikati ya mizoga wakala, wakanywa, wakaendelea kutaga. Mzee Chengula alirudi kazini akizungumzia kuku hao kama mtu aliyepata mjukuu.

"Skola, hiyo ni mbegu. Kifo kimepita nyumba hadi nyumba, wao wanakwaruza tu."

Mwezi uliofuata akaja na mayai thelathini kutoka kwa mitetea ile mitano. Aliyapakata kwenye basi toka Igawa hadi hapa, ndani ya boksi lenye pumba za mpunga alizoomba mashineni Rujewa. Meneja alimruhusu trei moja kwenye mashine ndogo. Yakalala hadi kesho yake, na siku ya Jumanne asubuhi tukayaingiza. Siku ya kumi na nane ingekuwa Jumamosi.

"Haya nitayanywesha mwenyewe," aliniambia. "Wewe utashika nta."

Wiki ya pili ilipoisha alikwenda nyumbani. Jumatatu hakurudi. Jumanne, mayai yakiwa yametimiza siku kumi na nne, nilikuwa naandika joto kwenye daftari la mashine, simu ikaita. Ilikuwa namba ya Mama Sekela. Nikaipokea kwa utani wetu: "Wifi, mrudishe huyo mzee, kazi inamngoja."

Akasema, "Wifi, mwenzako hayupo."

"Ameshapanda basi?"

"Hayupo, Skola. Ameinama kufunga kiatu, hakuinuka."

Niliendelea kuandika. Ukifungua daftari la mwaka ule utaona namba tatu zisizo na maana, sitini na nne, sitini na nne, sitini na nne. Ni mwandiko wangu. Sikumbuki kuziandika.

Maziko yalipangwa Ijumaa, kumngoja mwanawe aliyekuwa mbali. Kituo kilitoa gari liondoke Jumatano asubuhi na kurudi Jumapili. Wote wa chumba cha mashine tulipaswa kwenda. Nyie wa siku hizi huenda mtauliza kwa nini hakubaki hata mmoja. Kwetu, mtu aliyekula na marehemu sahani moja miaka yote akikosa kumtupia udongo, watu hawasemi alikuwa kazini. Wanasema ana lake jambo. Alibaki mlinzi na fundi wa umeme kuangalia joto na maji, na mayai ya kituo yalikuwa bado siku nyingi. Yaliyokuwa na miadi ni yale thelathini tu ya marehemu.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nataka lieleweke vizuri. Yale mayai hayakuhitaji kunyweshwa. Kuku wote tangu dunia iumbwe wametotolewa bila sindano ya Skola. Ningeyaacha, yangetotolewa kama kawaida yake. Nilijua hivyo. Lakini mzee alikuwa amesema atayanywesha, naye amekufa, na moyo wangu ulikataa watoto wa mayai yake wazaliwe na njaa kwa sababu sisi tumekwenda kula msiba wake.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kumi na tano, nikachemsha kinywaji.

Msimamizi wetu, Bwana Kihwele, alipita mlangoni amevaa suti. "Mama Skola, si bado siku?"

"Siku tatu tu," nilimjibu. "Si wameshaota manyoya?"

"Wewe ndiye unayejua," akasema, akaenda garini.

Nilivisha sindano kile kipande cha mpira, kilekile. Nilipangusa, nikatoboa, nikanywesha, nikaziba. Nililia nikifanya kazi, lakini mkono ulikuwa sawa. Nilikuwa nimemaliza safu nne, nashika ya tano ambayo ni ya mwisho, gari likapiga honi. Nikapiga hatua kwenda kuwaomba wasubiri. Likapiga tena. Nikairudisha trei na safu moja haijanywa kitu.

Njia nzima, kutoka Mafinga mpaka Makambako, nilikuwa nawawaza hao sita. Wenzangu walidhani nawaza maiti.

Tulimzika Ijumaa mchana. Kwaya ya Kilutheri iliimba vizuri, mchungaji hakurefusha. Baada ya makaburi tuliletewa wali wa Usangu na kuku. Nilikuwa sijala tangu jana yake, nikala. Nilipokwenda nyuma ya jiko kunawa, nikaona beseni lenye vichwa na miguu ya kuku walioandaliwa. Juu kabisa kulikuwa na kichwa chenye shingo ndefu, nyekundu, isiyo na unyoya hata mmoja. Chini yake kingine.

Nikamwuliza mama aliyekuwa anakoroga sufuria. "Hawa kuku wa nani?"

"Wa marehemu mwenyewe. Wageni wamezidi, kitoweo kimepungua. Mama Sekela kasema wachinjwe wote."

"Wote? Na jogoo?"

"Mama, msiba ni mkubwa. Jogoo abaki amwimbie nani?"

Vidole vyangu bado vilikuwa na mafuta. Nilisimama pale nimevinyoosha mbele yangu, sijui nivifanyeje. Mbegu ile aliyoipakata njia nzima kama mjukuu, nilikuwa nimeimeza na wali.

Nikaenda kwa Mama Sekela aliyekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake. Nikapiga magoti, nikamnong'oneza. Maneno yale niliyasema kwa nia njema, na ndiyo yaliyonila baadaye.

"Wifi, usihuzunike kwa kuku. Watoto wao ninao mimi. Nimeshawanywesha."

Alinishika mkono kwa nguvu. "Ndaga," akasema, kwa lugha ya kwao, asante. "Basi ameacha kitu. Uniletee."

Jumapili tulifika hapa saa tisa mchana. Sikupitia nyumbani. Nilifungua mlango wa mashine ndogo, na harufu ikanipiga usoni kabla sijaona chochote. Kila aliyefanya kazi hii anaijua. Mayai mawili yalikuwa yamepasuka. Nta ilikuwa imedondoka kwenye mengi, maana mayai ya siku ya kumi na tano bado hugeuzwa na mashine kila saa, yakilala huku na kule na matundu yake. Nikazima taa, nikawasha tochi ya kopo. Yai la kwanza, halitikisiki. La pili. La tatu. Nilikwenda safu baada ya safu. Nilikuwa naongea peke yangu: "Amka. Amka basi."

Niliyavunja moja moja kwenye bakuli, maana kazi yetu inataka ujue. Mimi si mtaalamu, nasema niliyoyaona. Wengine walikuwa na damu, sindano ilikata mishipa iliyokuwa bado inafanya kazi. Kizuizi kile kilikuwa cha siku ya kumi na nane, na wao walikuwa wadogo, wamekaa vingine. Wengine kinywaji kilikuwa kimebaki nje ya mfuko wao, hawakukimeza, kikaoza. Sukari isiyonywewa ni uji wa vijidudu. Safu nne. Sikupata hata mmoja hai.

Safu ya tano niliiacha mwisho kwa kuwa sikuwa na ujasiri. Nikaweka tochi chini ya yai la kwanza, na kivuli kikaruka.

Kikaruka tena.

Nilikaa chini sakafuni. Ndani ya safu hiyo, yai moja lilikuwa halina kitu tangu mwanzo. Matano yalikuwa hai. Yale niliyoyasikitikia njia nzima, yale niliyoomba msamaha kwa kuyaacha na njaa, ndiyo pekee yaliyokuwa yamesalimika mkononi mwangu.

Jumanne wakatotolewa wanne. Mmoja alidonoa ganda akachoka. Wawili kati ya wanne walikuwa na shingo tupu.

Bwana Kihwele aliniita ofisini. Alikuwa mtu mwema, alitaka kuniokoa. "Mama Skola, sema umeme ulikatika. Kila mtu anaujua umeme. Huyo mjane hawezi kuuliza zaidi."

"Fundi alikuwepo. Umeme haukukatika."

"Nani anajua?"

"Mimi najua."

"Unajua lakini amefiwa? Unakwenda kumwongezea nini? Mpe wanne wake, mwambie Mungu amewachagua, umalize."

Nilikiri kwenye moyo wangu kwamba lilikuwa wazo zuri. Alhamisi nilipanda basi la Mbeya na boksi mapajani, ndani yake pumba zilezile za mpunga. Mpaka Makambako nilikuwa nimeamua kusema umeme. Nilipotelemka Igawa bado nilikuwa nimeamua hivyo.

Mama Sekela alikuwa kwenye mkeka palepale, ila wanawake walikuwa wamepungua. Alisikia sauti ya boksi akainuka nusu.

"Kamwene, wifi," alinitania kwa salamu ya kwetu Wahehe. "Leta."

Akafungua. Akawatazama. Akageuza boksi kidogo kama mtu anayetafuta sehemu nyingine ya kufungua.

"Wengine wako kwenye basi?"

Nilifungua mdomo niseme umeme. Macho yangu yakaangukia koti la kijivu lililotundikwa msumarini nyuma yake.

"Wengine nimewaua," nikasema.

Wanawake wawili waliokuwa wanachambua mchele waliacha. Nikamweleza Mama Sekela yote: siku ya kumi na tano, kizuizi cha mpira, honi, harufu. Nilimwambia nilitaka kuwahi maziko. Nilimwambia ningewaacha tu, wangekuwa wazima.

Aliwatazama wale wanne. "Na hawa? Hawa uliwafanyia nini?"

"Hawa sikuwagusa."

Mmoja wa wale wanawake akasema, "Yesu wangu," kwa sauti ndogo.

"Mimi nimechinja mama zao," Mama Sekela akasema mwishowe. "Kwa heshima yake. Nawe umeua watoto, kwa heshima yake." Nikadhani ataanza kulia, lakini kilichotoka kilikuwa kama kicheko na kama kilio. "Huyu mtu tungempenda kidogo zaidi ya hapo, tungemaliza kuku wa Mbarali nzima."

Kisha akalia kweli, nami nikalia, nikiwa nimeshika boksi ili wasimwagike.

Jioni niliinuka kuondoka. Hakunisindikiza, alikuwa bado hatoki nje. Lakini aliniita nikiwa mlangoni. "Wifi. Asante hukuniambia umeme. Kwa kuwa umeme wangu wa hapa ulikatika kweli siku ile ya maziko, nilipoona ni wanne tu nikasema moyoni, atakuja na huo."

Wale wanne, jogoo mmoja na mitetea mitatu, walikua. Sikuwa na mkono wowote humo, alifanya yeye.

Kwa hiyo mkiona kwenye chumba cha mashine safu ya mwisho ya kila trei ina alama ya penseli, mjue haikuwekwa na mtaalamu. Niliirudisha mimi. Msiniulize kama ni huruma kuwaacha sita bila kinywaji. Nimewahi kuwa na huruma.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, Mama Sekela alitelemka kwenye basi mwenyewe na mayai thelathini ndani ya pumba, mayai ya wajukuu wa kuku wale. Akayaacha, akarudi Igawa. Siku ya kunywesha alikuja tena bila kuitwa. Tulimvisha koti jeupe, akasimama karibu na meza mikono nyuma. Nilivisha sindano mpira. Nikadondosha tone kwenye kifundo cha mkono.

"Leo ya ngapi?" akauliza.

"Kumi na nane."

"Hesabu nisikie."

Nilihesabu kwa vidole, kwa sauti, toka siku ya kwanza, mbele ya wafanyakazi wenzangu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliponiona nimefika mwisho akaitikia kwa kichwa.

"Haya. Wape."

Nikawapa safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nikaweka sindano chini, nikaanza kufuta meza. Aliinama akaangalia yale sita yaliyobaki, yasiyo na tone la nta.

"Na hawa?"

"Hao ni mashahidi."

Aliweka kiganja juu yao, asiwaguse, kama mtu anayeota moto. Akakiacha hapo muda mrefu.

"Waache," akasema.